Mama Mzee Asikalishwe Tu Mkekani

Huku kwetu Nachingwea na Ruangwa, mama akishazeeka watoto humwambia, "Mama, umetulea vya kutosha, sasa pumzika." Ni maneno mazuri, tena ya heshima. Lakini tuyafikiri pamoja, maana kumpumzisha mno ni kumdhoofisha.

Mfupa ni kitu hai. Ukitumika hujengeka, ukikaa bure hupungua. Julius Wolff, daktari wa Ujerumani, aliandika kitabu juu ya jambo hili mwaka 1892. Tena mwanamke akiisha kukoma hedhi, mifupa yake hupungua upesi zaidi. Wala hasikii maumivu, mpaka siku anapoteleza kidogo, na nyonga ikavunjika.

Mama yangu mkubwa, kule Ruangwa, alivunjika mkono kwa kujikwaa kizingitini tu. Tangu siku hiyo wanawe wakamkataza hata kuchota kikombe cha maji. Mkono ukapona, lakini miguu ikalegea.

Ndipo, kwa shauri la daktari, tukaanza naye taratibu. Mara tatu kwa juma huketi juu ya kiti imara kilichoegemezwa ukutani, akasimama na kuketi polepole mara 10, bila kujisaidia kwa mikono akiweza. Kisha hushika mwimo wa mlango, akainua visigino mara 10. Mwisho huweka viganja ukutani, akakunja viwiko na kujisukuma nyuma. Mmoja wetu husimama karibu asije akaanguka. Siku hizi anakwenda kisimani kutusalimu wala hashikwi mkono.

Yako ya kujihadhari. Aliyepinda mgongo, aliyepungua kimo, au aliyepata kuvunjika, aulize kwanza hospitali. Msimu wa korosho asiokote kwa kukunja mgongo, wala asijitwishe gunia. Mgongo uliodhoofika huweza kuvunjika kwa kuinama tu. Afadhali apige goti, au achambue korosho ameketi. Na chakula kisisahauliwe: dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, mboga za majani, mbaazi, na maziwa yakipatikana.

Basi, ninyi wana na wakwe, mwondoleeni mama mzigo mzito, lakini msimnyang'anye nguvu zake. Leo jioni mwekeeni kiti ukutani, mkasimame karibu naye.