Nusu Tembe

Kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri mimi hukata tembe kwa wembe. Tembe yenyewe ni ndogo kuliko punje ya mahindi, na mkono ukitetemeka kidogo inakuwa vipande vitatu na unga. Nusu naiweka kwenye kijiko pamoja na tembe nzima, nusu ile nyingine inangoja kesho. Mama anameza na maji matupu. Chai ya maziwa itakuja saa moja baadaye, maana chakula huizuia dawa hii kuingia mwilini vizuri. Vidonge vyake vya kalisi vinakaa mbali zaidi, saa nne nzima. Ananitazama nikipima muda kwa simu na kusema, "Umekuwa askari jela."

Sawa tu. Wacha niwe askari jela. Nitawaambia kwa nini.

Mama yangu ni fundi wa nguo, ana miaka 59. Miaka mitatu iliyopita alianza kushikwa na maumivu ya kifua akipanda kilima cha kutoka sokoni, na hospitalini wakasema mishipa inayolisha moyo wake imekuwa myembamba. Akapewa dawa, akazizoea, akarudi kwenye cherehani yake. Tukadhani kazi imeisha hapo.

Kisha akaanza kuwa mwepesi wa baridi. Sasa, hii ni Nyahururu, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Huku kila mtu anavaa sweta mbili na hakuna anayeitwa mgonjwa. Akaanza kulala mchana. Sauti ikawa nzito kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Uso ukavimba, hasa chini ya macho. Nguo za wateja zikarundikana. Jirani akasema ni uzee, shangazi akasema ni mawazo, mimi nikasema ni moyo. Wote tulikosea. Kipimo cha damu kilionyesha tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, imelala.

Kuna namba inaitwa TSH. Ni ujumbe ambao ubongo hutuma kwa tezi: amka, tengeneza homoni. Tezi isipoitika, ubongo unapaza sauti, na namba inapanda. Ya mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 0.4 na 4 hivi. Ya Mama ilikuwa 48. Ubongo wake ulikuwa unapiga mayowe, na sisi nyumbani tunamwambia avae soksi.

Daktari akaandika levothairoksini, homoni ileile ambayo tezi ilikuwa imekataa kutengeneza. Nusu ya tembe ya mikrogramu 25 kwa siku. "Tutaongeza polepole," akasema. "Rudini baada ya wiki sita." Nilitoka pale nikiwa na hasira kidogo. Nusu? Mtu anazama, wewe unamrushia nusu ya kamba?

Hapa lazima niseme kuhusu chuo.

Nilikuwa mwaka wa tatu. Mama alipozidiwa niliandika barua ya kuahirisha masomo, nikarudi nyumbani. Kijijini nikawa mtoto mzuri. Kanisani walinitaja kwenye maombi. Na kila mtu aliyenisalimia aliuliza swali moja: "Mama akipona utarudi, si ndiyo?" Ndiyo, nilisema. Januari. Chuo kilikuwa kimenipa mpaka Januari kujisajili tena.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimefeli yuniti nne kabla Mama hajaugua, na nilikuwa nimeacha kuingia darasani kwa muda ambao sitautaja hapa. Barua yangu ilisema "sababu za kifamilia". Mama alikuwa sababu nzuri sana. Ndiyo maana nilitaka apone haraka. Nilitaka kurudi mahali nisipopataka, ili siku moja mtu asije akasema nilijificha nyuma ya mama mgonjwa.

Kwa kula, niliandikia watu makala mtandaoni. Nilikuwa nimeshaandika kuhusu figo, sukari, hata meno ya mbwa, kwa tovuti za Marekani zilizolipa kwa kila maneno mia. Kwa hiyo nilijiona najua kusoma mambo ya afya. Usiku mmoja nikasoma kuhusu levothairoksini. Nikakuta hesabu: kipimo kamili cha mtu mzima ni kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake. Mama alikuwa na kilo 62. Nikapiga kwa simu: 99.2. Na alikuwa anapewa 12.5! Nikaona nimemshika daktari mkono mfukoni.

Aya iliyofuata ilisema hesabu hiyo si ya wazee wala wagonjwa wa moyo. Hao huanzishwa na mikrogramu 12.5 au 25, na huongezwa kidogokidogo kila baada ya wiki kadhaa. Najua ilisema hivyo kwa sababu nimeisoma baadaye, mara nyingi. Usiku ule sikuifikia.

Nilianza na tembe nzima. Wiki iliyofuata, mbili. Zilipoisha nilienda duka la dawa, nikasema ni za Mama, nikanunua za 100. Mama hakuuliza. Mimi ndiye niliyesoma.

Na kitu kibaya zaidi ni kwamba ilifanya kazi. Uso ukapungua. Akaamka kabla yangu, akafungua pazia. Cherehani ikaanza kulia tena, akamaliza sare za shule za watoto wa jirani kwa siku mbili. Akacheka kitu fulani redioni na sauti yake ikawa ile ya zamani. Nilikaa jikoni nikijisikia kama daktari. Nikaanza kuhesabu nauli ya kurudi chuo.

Kisha akaanza kusema mikono inatetemeka, uzi hauingii kwenye sindano. Nikasema ni macho. Akasema usiku moyo unamwamsha. Nikasema ni chai ya usiku.

Ilikuwa Jumatano, saa nane usiku. Aliniita kwa jina langu lote, lile la ubatizo, na nikajua. Alikuwa amekaa kitandani ameshika kifua, jasho limemtoka katika baridi ile. Nikamshika mkono kutafuta mapigo kama nilivyoona watu wakifanya. Hayakuwa na mpangilio. Yalikuwa kama mtu anayegonga mlango kwa mikono miwili, akinyamaza, akigonga tena. Jirani mwenye Probox alitupeleka. Njiani Mama alisema mara moja tu, "Usiendeshe vibaya, baba, nina nyanya za watu huko nyuma?" Hakukuwa na nyanya. Ilikuwa mizigo ya jirani. Alikuwa anajaribu kututuliza.

Daktari wa zamu aliuliza, "Anakunywa levothairoksini kiasi gani?" Mama akasema, "Kile mlichoandika." Daktari akaangalia karatasi, akasema 12.5.

Kulikuwa na nafasi pale. Pengine sekunde tatu. Ningeweza kunyamaza, na Mama asingejua kamwe.

"Mia," nikasema. "Anakunywa mia. Ni mimi."

Hakunifokea, na nilitamani anifokee. Vipimo vilionyesha msuli wa moyo haujafa, ila vyumba vya juu vya moyo vilikuwa vinapapatika badala ya kupiga. Asubuhi alinieleza kwa utaratibu, kama mwalimu anayejua mwanafunzi amechelewa. Tezi ikilala, mwili mzima unapunguza mahitaji. Moyo unapiga polepole, na hata mishipa myembamba inatosha kuulisha. Ukimwaga homoni ghafla, mwili unadai oksijeni zaidi, moyo unakimbia na kusukuma kwa nguvu, lakini mishipa ni ileile. Hapo ndipo maumivu yanapoanza. Kumwacha bila dawa nako si suluhisho, akasema: mafuta ya damu yanapanda, maji yanaweza kujikusanya kuuzunguka moyo, na moyo wenyewe unachoka. Kwa hiyo unapita katikati, polepole. Nusu tembe haikuwa woga wala ubahili. Ndiyo ilikuwa dawa.

Nikamwuliza kama tukiacha leo itatoka kesho. Akatikisa kichwa. Baada ya siku saba, nusu yake bado iko mwilini. Na TSH nayo huchukua wiki sita hivi kutulia ndipo usome namba ya kuaminika. Hiyo ndiyo maana ya "rudini baada ya wiki sita". Mimi nilidhani ni foleni tu.

Siku ya tatu wodini Mama aliniambia nikae. Alikuwa na waya kifuani na kikombe cha uji mkononi.

"Ulikuwa unaniponya kwa haraka ya nani?"

Nikamwambia. Yuniti nne, barua, Januari, yote. Muuguzi alipita, akabadilisha chupa ya maji ya mgonjwa wa kitanda cha pili, akaondoka, na bado nilikuwa naongea. Mama alimaliza uji.

"Ungeniambia umefeli," akasema. "Ningekasirika wiki moja. Sasa ona."

Ni hayo tu aliyosema siku hiyo. Nyumbani alikasirika zaidi ya wiki moja, na sikumlaumu. Kwa muda alikuwa anafungua kichupa mwenyewe, anasoma maandishi, ananiangalia, ndipo anameza.

Januari ilipita. Tarehe ya mwisho ya kujisajili nilikuwa kliniki, kwenye benchi, nimeshika faili lake. Nilidhani nitalia. Badala yake nilihisi mwili mwepesi, na nikaona aibu kwa wepesi huo. Sikuacha chuo kwa sababu ya Mama. Nataka hilo liandikwe mahali, ndiyo maana naliandika hapa.

Waliianza dawa upya, nusu tembe. Baada ya wiki sita, tembe moja. Miezi ikapita, moja na nusu, ambayo ni mikrogramu 37.5. Kliniki ya mwisho TSH ilikuwa 6.1. Nikaanza kuuliza kama tuongeze, ifike chini ya 4. Daktari alimgeukia Mama.

"Kifua?"

"Kimenyamaza."

"Unashona?"

"Nguo mbili kwa siku. Zamani zilikuwa nne."

"Basi tukae hapa kwanza," akasema.

Mama akaniangalia, kuona kama nimesikia. Nilikuwa nimesikia. Tulipanda matatu ya kurudi, akakaa dirishani, akafungua sweta yake ya juu kwa sababu jua lilikuwa linamchoma. Ni moja ya vitu ninavyovihesabu siku hizi. Kesho saa kumi na moja na nusu kuna ile nusu nyingine.