Taa Iliyokonyeza

Mpwa wangu, mwaka 2006 wewe ulikuwa bado unatambaa. Kikwete ndiyo kwanza ameingia Ikulu, mvua zimegoma, bwawa la umeme la Mtera maji yamepungua mno, na Dar es Salaam nzima inaishi kwa ratiba ya mgao wa umeme. Mimi nilikuwa fundi umeme kwenye ghala moja upande wa Barabara ya Pugu, lenye fokolifti tatu za betri. Mpaka leo harufu ya kile chumba cha kuchajia hunirudia: asidi inayokereketa koo, mpira uliopata moto, na maandazi ya shilingi 50 tuliyokula humohumo, jambo ambalo sasa nisingemruhusu mtu alifanye.

Fokolifti namba mbili ilikuwa inaua inverta, yaani kile kisanduku kinachochukua umeme wa betri, volti 48, na kuukatakata ili mota ya mkondo geu izunguke. Miezi minne, inverta tatu. Kila nikifungua nakuta transista zimepasuka, zinanuka kama samaki aliyeungulia jikoni. Bei ya moja ilipita mshahara wangu wa miezi kadhaa. Bosi hakuwa mtu wa kupaza sauti, alikunja uso tu na kuniuliza, "Tena, fundi?" Jibu nilikuwa nalo: mgao. Nani angebisha? Mwaka ule hata chai ikikosa sukari tulilaumu mgao. Lakini zile mbili nyingine zilichajiwa chumba kilekile, kwa umeme uleule, wala hazikuugua. Hilo nililiona, nikalipita.

Aliyenifumbua macho ni dereva mmoja wa Kirufiji, sote tukimwita Babu, meno yamekolea tumbaku, asiyejua hata kushika testa. Siku inverta ya nne ilipokufa, aliniita pembeni. "Fundi, mbona hii taa ya dashi hunikonyeza nikishuka rampu na mzigo?" Namba mbili ndiyo iliyoshusha mizigo rampuni, zile mbili nyingine zilizunguka ndani, kwenye sakafu tambarare. Nikaenda kushika plagi ya betri. Ilikuwa ya moto, na shaba zake zimeliwa, zimeota kutu ya kijani. Fokolifti ikifunga breki kwenye mteremko, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme betrini. Plagi ikiachia, hata kwa kufumba na kufumbua, umeme ule hauna pa kwenda. Volti zinaruka, transista zinapasuka. Gurudumu likigonga ule ukingo wa chuma chini ya rampu, plagi ilikuwa inaachia.

Na mgao? Haukuwa msafi pia. Umeme ukirudi, tulikimbilia kuchaji. Gari likihitajika, vijana walichomoa plagi hiyohiyo ya betri kwa kuvuta waya, chaja ingali inafanya kazi, cheche zikiruka. Mara tano, sita kwa siku. Plagi gani ingestahimili?

Nilibadilisha plagi zote tatu, pande zote mbili, na kupiga marufuku kuvuta waya. Nilimweleza bosi kwamba aliyegundua ni Babu. Akampa shilingi 10,000, nami nikaona ni kidogo mno, ingawa sikusema. Namba mbili ilifanya kazi mpaka nikaacha kazi pale mwaka 2011, kwa inverta ileile ya tano. Zile nne zilizokufa ziliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo.