Ngoma Haina Do

Walimu wenzangu wa kwaya huniuliza kwa nini kitabu changu cha kwanza cha nota kilichelewa hivyo. Huwajibu kwamba kitabu chenyewe kilibadilika njiani, na nilichoanza kukiandika sicho kilichochapwa. Nilianza na nyimbo za tufo, ngoma ya akina mama wa pwani yetu ya kaskazini mwa Msumbiji, kuanzia Pemba kupanda hadi Palma, nikikusudia kuzipanga kwa sauti nne ziimbwe na kwaya. Kilichotoka kina nyimbo hizo hizo, ila juu ya kila wimbo limeandikwa jina la kikundi cha akina mama kilichouimba, na chini yake kuna mstari wa kiongozi, mstari wa waitikiaji, na mistari ya ngoma.

Solfa, yaani nota za herufi, niliisomea upande wa Tanzania. Wazazi wangu ni Wamakonde waliovuka Ruvuma baada ya vita vya ukombozi wa Msumbiji kuanza mwaka 1964, nami nikakulia mkoani Mtwara, kwenye parokia ambayo kwaya yake iliimba kwa karatasi zilizodurufiwa. Solfa ile ilienezwa na John Curwen huko Uingereza karne ya 19, na wamisionari wakaisambaza huku kwetu kwa kuwa haidai kinanda wala karatasi ya mistari. Herufi saba tu, na mashine ya taipu ya kawaida.

Taabu yake ni kupanga. Kati ya pigo na pigo huwekwa nukta mbili, sauti inayoendelea huwekewa kistari, na nukta mbili za besi sharti zikae chini kabisa ya nukta mbili za soprano. Nafasi moja ikiruka, mstari wote unapinda na watu wa teno wanaingia kabla ya wakati. Mwalimu wangu aligonga stensili kwa vidole viwili, utepe wa wino ameuweka kando ili herufi zikate nta barabara, na karibu na mkono wake kichupa cha dawa ya kufutia. Herufi ikienda kombo anapaka, anapuliza, anasubiri ikauke, anagonga tena juu yake. Ukurasa mmoja ulikula jioni nzima. Sisi wanafunzi tulizungusha mkono wa mashine, tukatoka na vidole vyeusi.

Kwake ndiko nilikosikia kwamba Mwafrika anaweza kuandika muziki wake ukachapwa. Alituambia habari za Padri Stephen Mbunga wa Peramiho, aliyetunga Misa Baba Yetu, na ambaye mwaka 1963 alitoa kitabu kizima juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Kutoka kwa Walutheri wa Makumira alitufundisha Mfurahini, Haleluya, maneno ya Bernard Kyamanywa ya mwaka 1966. Wimbo huo umefika hadi vitabu vya nyimbo vya Ulaya na Marekani. Nilipokuja kuuona katika kitabu kimoja cha huko, jina la mwenye maneno lilikuwepo, na mahali pa mwenye tuni pameandikwa kwamba ni tuni ya asili ya Tanzania. Hilo lilinikaa moyoni. Tuni ya asili nayo ina midomo iliyoibeba, na midomo ina majina.

Tulirudi Msumbiji baada ya uhuru wa 1975, na hatimaye nikakaa Mocímboa da Praia. Huko nikakuta do nyingine. Mzee mmoja aliyepiga tarumbeta kwenye bendi zama za Wareno alikuwa bado na karatasi zake za mistari mitano, na alisoma dó, ré, mi kwa namna niliyoshindwa kuifuata. Katika shule ya Wareno dó haibanduki: ni ile C ya kinanda, wimbo uwe wa ufunguo wowote. Katika solfa ya Tanzania do huhama na wimbo. Leo iko kwenye G, kesho kwenye E bemoli, na mwimbaji hajali maadamu amepewa sauti ya kuanzia. Nikamwimbia zangu, akacheka sana. "Mwanangu," akasema, "do yako ina miguu." Tulishinda pamoja siku nyingi, yeye akinifundisha kusoma mistari, mimi nikimhamisha do. Ndipo nilipoamua kwamba kitabu cha pwani hii, ambako ndugu mmoja amesoma kwa Kiswahili ng'ambo ya mto na mwingine kwa Kireno, lazima kiwe na mistari mitano na herufi za solfa chini yake. Uamuzi huo uliongeza kurasa, na kurasa ni pesa, lakini sijawahi kuujutia.

Tufo kwa asili ni ngoma ya Waislamu, imefungamana na Maulidi. Mimi ni Mkatoliki, kwa hiyo niliingia kwa adabu. Nilibisha hodi kwa bibi kiongozi wa kikundi, nikampa shikamoo yake, nikaeleza shida yangu, nikaambiwa nirudi baada ya wenzake kuulizwa. Jibu lao lilikuwa na sharti moja: kasida za kumsifu Mtume zisiingie kitabuni zikaimbwe kanisani. Nyimbo za harusi, za mapenzi, za kusutana, za kumpokea mgeni, hizo ruhusa. Nilikubali bila kusita, na hadi leo naona sharti lile ndilo lililokipa kitabu heshima yake pande zote mbili.

Mchana wa kurekodi walikuja wamevaa vitambaa vya kapulana vya sare, nyuso nyeupe kwa mti wa msiro uliosuguliwa kwenye jiwe. Kabla ya chochote wapigaji waliwasha moto wa makuti, wakazigeuzageuza zile ngoma za fremu juu yake, mmoja baada ya mwingine, wakizigonga kwa ncha za vidole na kutega sikio. Ngozi ikikaza, sauti inapanda. Nikaanza kuandika kimo cha sauti ya kila ngoma, na kabla sijafika ya mwisho ile ya kwanza ilikwisha kushuka kwa upepo wa bahari. Walizirudisha motoni kati ya wimbo na wimbo, wala hakuna aliyeona ajabu.

Nilipowarudia na mpangilio wa sauti nne, nikawaimbia sauti moja moja, bibi alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mwalimu, ni tamu. Na ngoma umeziweka wapi?"

Nilikuwa sijaziweka popote, kwa kuwa solfa haina pa kuziweka. Ngoma haina do. Tena katika nyimbo zile ngoma moja inagawa kipande mara mbili na mwenzake anakigawa mara tatu, na waimbaji wanapita katikati, mara wakimwegemea huyu, mara yule. Ukiondoa ngoma, hao wanaoitikia wanaonekana kana kwamba wanachelewa, na mwalimu wa kwaya mwenye nia njema atawanyoosha. Akishawanyoosha, wimbo umekwisha. Kwa hiyo kila ngoma nikaipa mstari wake mmoja, alama ya juu kwa pigo la ukingoni na ya chini kwa pigo la katikati.

Mchapishaji mmoja niliyempelekea aliusifu muswada kisha akauliza nani atanunua mistari ya ngoma. Alitaka sauti nne tu, na fomu yake ilikuwa na nafasi moja ya jina la mtunzi. Niliijaza kwa jina la kikundi. Muswada ukarudi.

Kisha vita. Tarehe 5 Oktoba 2017 Mocímboa ilishambuliwa. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikakipiga kisiwa cha Ibo, Agosti 2020 mji wetu ukatekwa wote, Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Wanakikundi walitawanyika: wengine Pemba, wengine Metuge, wengine Nampula, wengine wakavuka kwenda Mtwara kama wazazi wangu zamani. Baadhi hawakufika popote. Nilitoka na daftari zangu kwa kuwa zilikuwa kwenye mfuko mmoja na vyeti.

Kuanzia hapo kazi ilifanyika kwa simu. Nilikuwa na beti zenye mapengo, mahali kanda iliposhika upepo au mtoto alipolia, na waliozijua sasa walikuwa kambini. Nikawatumia kipande kwa WhatsApp, wakanirudishia kwa sauti. Dada mmoja aliyekuwa Metuge aliniimbia ubeti mzima, nyuma yake watu wakipanga foleni ya maji. Mwingine aliposikia sauti ya marehemu mwenzao ndani ya rekodi yangu ya zamani aliomba nimtumie yote, si ile sehemu ya swali tu. Nilimtumia. Nikaanza kuwatumia wote yote, na nadhani hiyo ndiyo kazi kubwa zaidi iliyofanywa na kitabu hiki kabla hakijawa kitabu.

Kuchapa kwenyewe kulikuja kuwa rahisi kuliko nilivyozoea kuogopa. Mpwa wangu aliniwekea MuseScore, programu ya bure, kwenye kompyuta. Nota za waitikiaji hujipanga zenyewe chini ya za kiongozi, na ukibonyeza, ngoma mbili zinasikika zikipishana. Nilichapa kwa pesa yangu na ya ndugu, nakala chache. Kwenye jalada panasomeka "nyimbo za vikundi vya tufo", na jina langu limo ndani, kwenye ukurasa wa waliopanga. Fedha ya mauzo hugawanywa na kutumwa kwa simu kwa viongozi wa vikundi walipo.

Sasa akina mama walioko Pemba wamekipitia, wakasema ngoma ya pili katika wimbo wa harusi sivyo wanavyoipiga wao. Waliorudi Mocímboa wanashikilia kwamba ndivyo. Toleo la pili litachapa zote mbili, moja chini ya nyingine, kila moja na jina la wapigaji wake.