Kutoka Butembo hadi Mfereji wa Kazinga: Chakula Kilicholipiwa Mbele

Mtu wa Butembo hana haja ya kufundishwa biashara. Mji wetu umekaa juu ya vilima, karibu sana na mstari wa ikweta, mahali penye baridi na ukungu wa asubuhi, na watu wake wamezoea kuuza na kununua tangu zamani. Kahawa yetu huvuka mpaka, na vitu vya Dubai na vya China hufika madukani mwetu kwa juhudi za wafanyabiashara waliotoa fedha yao mbele, kabla hawajauona mzigo. Lakini ni ajabu kwamba watu hao hao, siku wanapokwenda kutembea pamoja na jamaa zao, hulipia chakula cha hoteli mbele bila kuuliza neno hata moja. Kisha hurudi nyumbani wakinung'unika kwamba wamepunjwa.

Fedha hiyo si ndogo. Kwa jamaa nyingi ni fedha ya kahawa au ya kakao, iliyowekwa akiba miezi mingi ili watoto wapate kuona kwa macho yao tembo na kiboko waliowasoma vitabuni. Kwa hiyo nataka leo tufuate pamoja njia ya kwenda kuwaona wanyama hao, na katika njia hiyo tutazame hasa habari ya meza: jinsi gani mtu aliyelipia milo yake mbele aweza kuipata haki yake, wala asipoteze.

Kutoka Butembo hadi Beni ni mwendo wa kilomita 54 hivi. Njia hupita Maboya na Kabasha, nayo kadiri inavyoshuka, ndivyo hewa inavyogeuka. Ukiwa Butembo ulivaa koti. Ukifika Beni walivua. Viazi na kabichi za milimani huachwa nyuma, na mahali pake huonekana migomba, michikichi na mashamba ya kakao. Toka Beni njia yaelekea mashariki, kilomita 80 hivi mpaka Kasindi. Katika mwendo huo utavuka mto Semliki, ambao hutoka Ziwa Edward pale Ishango na kwenda Ziwa Albert. Mawingu yakikubali, utaona upande wa kushoto milima ya Ruwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina mita 5,109. Mwaka 2021 serikali za Kongo na Uganda zilianza mradi wa kutengeneza barabara hizi mbili, ya Kasindi mpaka Beni na ya Beni mpaka Butembo, na jambo hilo liliwapa moyo wasafiri wengi.

Hata hivyo sitaficha neno ambalo kila msomaji wa huku alijua. Tangu Oktoba 2014 watu wengi wa Beni na vijiji vyake wameuawa, na njia hii imemwaga machozi mengi. Hata ng'ambo ya mpaka, mwezi wa Oktoba 2023, wageni wawili pamoja na kiongozi wao waliuawa ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth. Basi, kabla ya kuuliza habari za chakula, uliza habari za njia; tena uulize siku ile ile ya kuondoka, wala si juma lililopita. Na jambo hilo, kama tutakavyoona, lina uhusiano mkubwa na fedha uliyoitanguliza.

Kwa haki tungeanza na mbuga yetu wenyewe. Virunga ilianzishwa mwaka 1925 kwa jina la Mbuga ya Albert, nayo ndiyo mbuga ya taifa ya kwanza katika Afrika yote. Lakini katika miaka ya karibuni milango yake imefungwa mara kwa mara: ilifungwa kwa wageni Mei 2018, ikafunguliwa Februari 2019, ikafungwa tena Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, na vita havikuiacha ipumue. Ndiyo sababu jamaa za Butembo na Beni zinazotaka kutembea hutazama ng'ambo ya ziwa, kwenye mbuga ya Queen Elizabeth iliyoanzishwa na Waingereza mwaka 1952. Nchi ni ile ile moja. Viboko wa Ziwa Edward hawana hati ya kusafiria, wala hawajui ni wapi Kongo inakoma na Uganda inakoanzia.

Wewe lakini wahitaji hati ya kusafiria, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ukivuka Kasindi waingia Mpondwe, kwa jirani zetu Wakonzo, ambao lugha yao na Kinande chetu hufahamiana. Mbele kidogo utafika Kikorongo, kwenye njia kuu ya Kasese na Mbarara, nawe umekwisha karibia nchi ya wanyama. Hapo pana nyumba za wageni za namna nyingi, nazo karibu zote hupanga bei zao kwa herufi mbili mbili zinazoonekana kwenye karatasi. BB maana yake ni kulala na chakula cha asubuhi tu. HB huongeza mlo mmoja, na kwa kawaida ni ule wa jioni. FB ni kulala pamoja na milo yote mitatu. Asiyejua herufi hizi huchagua kwa kukisia, na kukisia ni mwalimu mwenye karo kubwa.

Jambo hili la kulipia milo mbele si la kwetu tu. Huko Florida, Marekani, mahali pa michezo panapoitwa Walt Disney World, wageni walianza kuuziwa mpango wa namna hiyo mwaka 2005. Ulisimamishwa mwaka 2020, ukarudishwa mwaka 2024. Mgeni huandikiwa hesabu ya milo yake, na mlo ambao hakuutumia mpaka usiku wa manane wa siku ya kuondoka hupotea. Tofauti ya nchi ni kubwa, lakini kanuni ni moja: mlo uliolipiwa una saa yake, na saa ikipita haurudi.

Katika safari moja tuliyoifanya, walimu na wazazi pamoja, alikuwamo mama mmoja mwuza vitenge wa soko la Butembo. Kabla hatujatuma fedha, mama huyo aliomba simu azungumze na karani wa nyumba ya wageni. Wakasemezana, yeye Kinande, karani Lukonzo.

"Mwanangu," akasema, "niambie mambo manne tu. Ndani ya bei hii mna nini na hamna nini? Milo yaanzia wapi na kuishia wapi? Nikitoka mapema, chakula changu kitanifuata? Na njia ikifungwa nisifike, fedha yangu itakuwaje?"

Karani akacheka, akasema, "Mama, wageni wengi hawaulizi hayo."

"Wengi hawauzi vitenge," akajibu mama.

Tuyatazame maswali hayo moja moja. La kwanza: mna nini? Mara nyingi bei ya milo yote haina vinywaji ndani yake. Maji ya chupa, soda na bia huandikwa pembeni, na siku ya mwisho hujumlishwa. Kiingilio cha mbuga nacho ni mbali, tena huhesabiwa kwa saa 24. Vilevile nauli ya mashua. Uliza pia umri wa watoto wanaolipa nusu. Na kwa kuwa Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, uliza kama bei ya raia wa Jumuiya yakuhusu wewe.

La pili: milo yaanzia wapi? Hapa ndipo watu wa kwetu hupoteza zaidi, na sababu yake ni saa. Saa ya Uganda iko mbele ya saa ya Butembo na Beni kwa saa moja nzima. Ikiwa chakula cha mchana hufungwa saa nane kwa saa ya Uganda, basi kwa saa uliyoifunga mkononi Beni ni saa saba tu. Utafika ukifurahi kwamba umewahi, kumbe sahani zimekwisha oshwa. Geuza saa yako pale pale mpakani. Tena, kwa kuwa kazi za mpakani huchukua muda, omba kwamba hesabu ya milo yako ianze na chakula cha jioni cha siku ya kufika, iishe na chakula cha mchana cha siku ya kuondoka. Milo ni ile ile kwa idadi, lakini hakuna unaoliwa na barabara.

La tatu: kitanifuata? Simba na chui huonekana vyema alfajiri, wakati jiko la hoteli halijawashwa. Na atakayekwenda kusini, Ishasha, kutafuta wale simba wapandao miti, atakosa meza ya mchana. Katika hali hizo omba chakula cha kufungasha, tena uombe jioni ya jana yake, si asubuhi mlangoni. Ni haki yako, maana kimelipiwa. Lakini mpishi hawezi kuota ndoto.

Hebu tupige hesabu. Ni mfano tu, wala si bei ya nyumba yo yote. Tuseme chumba cha watu wawili pamoja na chakula cha asubuhi ni dola 80, na chumba hicho hicho pamoja na milo yote ni dola 140. Tofauti ni dola 60, ndiyo bei ya milo minne: mchana na jioni, kwa watu wawili. Kila mlo ni dola 15. Ikiwa asiyetangulia kulipa hutozwa dola 20 kwa mlo, umepata faida ya dola 20 kwa siku. Lakini mkikosa chakula cha mchana, milo miwili ya jioni imewagharimu dola 30 kila mmoja, na faida imegeuka hasara ya dola 20. Basi mtu atakayeshinda njiani mchana kutwa bila chakula cha kufungasha, afadhali achague ile bei ya mlo mmoja wa jioni.

La nne ndilo zito kuliko yote kwetu: njia ikifungwa? Mtu wa London huuliza habari za mvua. Mtu wa Beni huuliza kama atafika. Usikubali jibu la mdomo. Taka liandikwe: ni siku ngapi kabla ya safari waweza kuahirisha, ni sehemu gani ya fedha itarudi, na kama waweza kubadili siku bila kulipa upya. Ikiwa nyumba haikubali neno lo lote la namna hiyo, tanguliza kidogo tu, au tafuta nyingine. Mama wetu alipata barua fupi yenye sahihi, akaikunja, akaitia katika kibindo chake.

Yabaki neno la kula kwenyewe. Katika nyumba nyingi chakula huwekwa juu ya meza ndefu, kila mtu ajipakulie. Mzee mmoja wa msafara wetu alipakua ugali, wali, viazi, nyama ya namna tatu, akarudi tena mara mbili.

"Mzee," nikamwambia, "mashua yatungoja saa tisa."

"Mwalimu," akajibu, "nimelipa, lazima nile."

Mashua ikaondoka kwenye mfereji wa Kazinga, ambao huunganisha Ziwa George na Ziwa Edward kwa urefu wa zaidi ya kilomita 30. Viboko walijaa majini, nyati wamelala matopeni, na kundi la tembo likashuka kunywa, wadogo wakijificha chini ya matumbo ya mama zao. Watoto walisahau hata kusema. Mzee wetu alikuwa amelala usingizi, kofia usoni, akakoroma mwendo wote wa saa mbili. Je, alipata thamani ya fedha yake? Alipata ugali, ambao nyumbani kwake upo kila siku. Akakosa tembo, ambao ndio aliowafuata.

Thamani ya chakula kilicholipiwa mbele haipimwi kwa uzito wa sahani. Fedha imekwisha toka mfukoni, na kula kupita kiasi hakuirudishi. Kaa mezani kwa saa yake. Onja kwanza kile usichokipata kwenu, uache viazi vilivyotoka Lubero na samaki wa Ziwa Edward ambao akina mama wa Kyavinyonge hukuletea hata sokoni. Shiba kiasi cha kukupa nguvu ya kutazama.

Nanyi wanafunzi, mkitumwa na wazazi katika safari ya shule, kumbukeni kwamba kila sahani mliyowekewa ilianza kuwa mfuko wa kahawa mgongoni mwa mtu. Uliza kabla ya kulipa, fika kwa saa, kula kwa kiasi, na ukae macho kwenye mashua.