Boga la Mahame: Ukimya wa Mgeni katika Semina ya Fasihi

Aghalabu ukimya wa mwanafunzi katika semina hufasiriwa kuwa upungufu: ama hakusoma, ama hakuelewa, ama Kiingereza chake hakimfikishi mbali. Fasiri hiyo ni nyepesi, na wahadhiri wenye madarasa makubwa na muda mfupi huiridhia. Hata hivyo, yapo matukio yanayoikana.

Mwanafunzi mmoja wa ualimu, aliyeteua somo la fasihi, alikuwa akisafiri kila mwanzo wa juma kutoka Kitale, walikoishi mama yake na wadogo zake, kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha Bungoma alikosomea chuo. Alikuwa Mwacholi wa Sudan Kusini, wa upande wa Magwi. Utoto wake ulipita Khartoum, miongoni mwa familia zilizokimbia vita, na huko alisomeshwa kwa Kiarabu. Baada ya uhuru wa 2011 familia ilirejea kusini. Vita vilivyozuka Desemba 2013 vikawang'oa tena, wakaishia Kitale pamoja na Wasudani Kusini wengine wengi. Kiingereza, ambacho nchi yake ilikifanya lugha rasmi, yeye alikipata akiwa kijana wa sekondari. Alikisoma na kukiandika vizuri. Kukisema mbele ya wenzake thelathini lilikuwa jambo jingine.

Kilichomshinda si msamiati bali mwendo. Mhadhiri huuliza swali, hupita pumzi mbili, halafu sauti tatu hudakia kwa pamoja. Alipokuwa amekwisha kuiunda sentensi yake, akiitoa Kiacholi na kuipitisha kwenye Kiarabu, hoja aliyotaka kuijibu ilikuwa imekwisha kuzikwa. Isitoshe, Kiingereza cha darasani hakikuwa kile cha kitabuni. Hoja ilianzia kwa Kiingereza, mzaha ukatupwa kwa Kiswahili au Sheng, pengine kwa Kibukusu, kisha mzungumzaji akarudi kwenye Kiingereza kana kwamba hakutoka. Aliyeupoteza mzaha aliipoteza pia bawaba ya hoja. Kiswahili alichojifunza katika soko la Kitale kilimtosha kununua mahindi. Hakikumtosha kutambua kejeli. Mwenyeji wa Bungoma anayetamka p mahali pa b huchekwa, naye hucheka na kuendelea, maana kicheko hicho ni cha nyumbani. Mgeni hakuchekwa. Alisubiriwa kwa adabu, macho yakiwa mezani, na adabu hiyo ilimlemea kuliko kicheko.

Siku moja semina ilijadili Song of Lawino ya Okot p'Bitek, iliyotoka mwaka 1966. Mjadala ulifika kwenye methali ya Kiacholi ambayo Lawino huirudia, ile inayokataza kung'oa boga penye mahame. Wanafunzi waligawanyika papo hapo. Wengine walidai boga ni mila na kulitunza ni kuukataa usasa. Wengine wakasema Lawino ni mhafidhina asiyejua dunia imegeuka. Maneno yalikuwa mengi na yenye ufasaha. Hakuna aliyeuliza boga lenyewe hufanya nini pale.

Mwacholi yule alijua. Boga huendelea kutambaa na kuzaa hata baada ya wenyewe kuhama. Anayepita, au anayerudi, hulikuta ni chakula. Kwa hiyo methali haimwamuru mtu abaki kwenye boma la kale. Inamwambia tu kwamba kuhama si sababu ya kuharibu kitakachomlisha mwingine. Mtu ambaye familia yake imehama mara tatu haihitaji sitiari kulielewa hilo. Aliinua mkono, akasema maneno matano au sita ya Kiingereza, akasita akitafuta neno la mahame. Mwenzake, kwa nia njema, akamtafutia: akasema utamaduni. Mjadala ukaendelea na utamaduni.

Hapa pana kinaya ambacho wahakiki wa Afrika Mashariki wangepaswa kukikabili. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe ili fasihi ya Kiafrika iwe kitovu cha masomo. Taban mwenyewe ana asili ya Sudan Kusini, na alilelewa kaskazini mwa Uganda. Vitabu vilibadilika. Lugha ya kuvijadilia haikubadilika, na utungo ulioanza kwa Kiacholi, ambao Okot mwenyewe alikiri kwamba mapigo yake yaliumia katika tafsiri, ulijadiliwa Bungoma huku Mwacholi pekee darasani akiwa kimya. Na Bungoma si nchi isiyojua kumsubiri msemaji: katika kumuse, hotuba ya Wababukusu ya kuwaliwaza wafiwa, mneni hutembea akinena kwa muda aupendao, wala hakatizwi. Desturi hiyo haikuvuka mlango wa semina.

Usiku ule aliandika kurasa nne juu ya boga na mahame, akazikabidhi. Zilirudi na alama nzuri. Za kushiriki katika mjadala zilikuwa chache, na pembeni ya ukurasa wa mwisho mhadhiri alikuwa ameuliza kwa wino mwekundu kwa nini hayo yote hakuyasema darasani. Juma hilo semina ilikuwa imekwisha kuingia katika kitabu kingine.