Kapsokwony: Kamera Inaona, Haisikii

Kwa anayetoka Kitale, safari ya Kapsokwony hushika barabara ya Webuye hadi Kamukuywa, kisha huelekea Kimilili na kuanza kuupanda Mlima Elgon. Utajua umekaribia mashamba ya mahindi yatakapoanza kuinama kwenye miteremko, na baridi kuingia dirishani bila kubisha hodi.

Ukishuka, mlima uko nyuma yako, na tambarare ya Bungoma imelala chini mbele yako. Nani asingepiga picha? Enzi za filamu ya picha 36 mtu alihesabu. Siku hizi mgeni hupiga 40 za mti mmoja, na huenda asizitazame tena.

Je, kamera hutupokonya kumbukumbu? Mwaka 2014 mwanasaikolojia Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, alichapisha utafiti kuhusu wanafunzi waliotembezwa katika makumbusho. Vitu walivyovipiga picha nzima walivikumbuka kidogo kuliko vile walivyovitazama tu. Walipovuta karibu sehemu moja ya kitu, hasara hiyo haikuonekana. Kristin Diehl na wenzake nao walionyesha mwaka 2016 kwamba mara nyingi mpiga picha hufurahia zaidi, kwa kuwa hujishughulisha na anachokiona. Mwaka uliofuata watafiti haohao wakaongeza jambo: hukumbuka zaidi aliyoyaona, lakini aliyoyasikia humponyoka.

Hilo la masikio ndilo zito kwa msafiri wa huku. Agosti ya miaka kama 2022 na 2024, Wabukusu wa Kimilili hutahiri vijana wao. Kijana hupita kwa jamaa akigonga chinyimba, zile kengele za chuma, nawe huzisikia kabla hujamwona mtu. Mwenye simu juu ya kichwa hurudi Nairobi na picha za vumbi na migongo. (Tena aombe ruhusa kwanza, hiyo ni tohara, si maonyesho.)

Hata hivyo, asije mtu akaibeza picha. Kati ya 2006 na 2008 mlima huu ulipitia mauaji yaliyotokana na mgogoro wa ardhi wa Chebyuk, kundi la SLDF kwanza, kisha operesheni ya jeshi. Mwaka 2011 shirika la Human Rights Watch liliandika kuhusu watu wapatao 300 waliotoweka. Kwa mama ambaye hajui mwanawe alipelekwa wapi, picha ndogo ya kitambulisho ina thamani kuliko ng'ombe. Sauti yake, lakini, hana pa kuitafuta ila kichwani mwake.

Basi, msomaji, ukifika Kapsokwony agiza chai kwanza. Sikiliza Kisabaoti kinavyopanda na kushuka sokoni. Kisha piga moja, ya karibu: mikono ya mama anayepanga viazi, akikubali. Na uwahi matatu, maana ukungu ukishuka hutaona hata barabara.