Kuugua, Kuuguza na Kuuguliwa

Katika lugha yetu ugonjwa hauna mwenyewe mmoja. Mgonjwa huugua, jamaa humuuguza, na nyumba nzima huuguliwa. Vitenzi hivi vitatu ni vya shina moja, nami nimevifuata kwa miaka kadhaa mjini Morogoro na katika vijiji vya milima ya Uluguru, nikisikiliza, kwa idhini ya wenye nyumba, namna watu wanavyozungumza juu ya maradhi mazito.

Msikilizaji hutambua upesi kuwa neno zito hupunguzwa uzito. Saratani huwa uvimbe. Kifua kikuu huwa kikohozi. UKIMWI uliitwa ngoma, ukaitwa mdudu. Jirani akiuliza hali, hujibiwa, "Hajambo kidogo." Lichambue neno hilo, msomaji: hajambo ni kusema hana jambo. Nyumba yenye jambo kubwa kuliko yote hukana kuwa nalo, kisha huongeza "kidogo" ili isiseme uwongo mtupu. Jirani mwelevu hulisikia neno hilo la mwisho, akaingia, akaketi.

Siidharau adabu hii. Katika njia za milimani, ambako mgonjwa huenda akateremshwa kwa machela mpaka barabarani, hakuna abebaye peke yake. Wala maneno hayabebwi na mmoja. Asemaye, "Tumeuguliwa na mama," ametia bega lake chini ya mzigo.

Lakini kuuguliwa huweza kukimeza kuugua. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa katika mambo ya nyumba. Habari ya daktari hupelekwa kwake na kwa wazee, hupimwa, hukatwa, na kipande kidogo tu humfikia yule mwenye maumivu.

Katika nyumba moja ya Mgeta, bibi mmoja alikuwa amelala kwenye mkeka. Mgeni akamwamkia, "Shikamoo, bibi. Waonaje hali?"

"Marahaba," alijibu, na kabla hajaongeza neno mwanawe akasema, "Hajambo kidogo." Kaka yake bibi akaunga mkono, "Tunamshukuru Mungu."

Bibi aliwangoja wamalize. Kisha akasema, "Mimi ndiye ninayeugua. Niulizeni mimi."

Wote walinyamaza. Halafu kaka yake akasogea karibu, akamwuliza. Bibi alitaka kuambiwa yote aliyoyasema daktari, na alipokwisha kuambiwa hakulia. Alitaja shamba lake la viazi, binti gani alilime, na deni la mbegu alilipwe nani. Mambo hayo hakuna mwingine nyumbani aliyeyajua, na muda wa kuyauliza ulikuwa mfupi.

Tangu siku hiyo, nikiisikia nyumba ikisema imeuguliwa, huipa pole kwa moyo wote. Kisha humgeukia mgonjwa mwenyewe, nikamwuliza, nikanyamaza mpaka ajibu.